PSA Imepanda: Vipimo vya Damu Vinavyotangulia Bayopsi ya Tezi Dume

Katika kambi za matibabu ya bure zinazofanyika kwenye viwanja vya makanisa na masoko nchini Kenya, kuanzia Nakuru hadi Busia, wanaume waliovuka umri wa miaka 40 huitwa kwa kipaza sauti waje wapimwe tezi dume. Tone la damu hudondoshewa kwenye kikasha kidogo cha plastiki, mhudumu husubiri dakika chache, kisha husoma mistari iliyojitokeza. Kikasha hicho hakitoi namba. Kwa kawaida kinaeleza tu kama kiwango cha PSA, protini ya tezi dume, kimepita nanogramu 4 kwa kila mililita ya damu au hakijapita. Anayeonekana kupita huelekezwa hospitalini, ambako damu hutolewa upya kwenye mshipa wa mkono na kupimwa kwa mashine. Majibu hurudi kwenye karatasi yenye neno PSA, namba kama vile 6.8, kiwango cha kawaida cha 0 hadi 4, na pembeni herufi H inayoonyesha kwamba namba imezidi.

Herufi hiyo huzua makosa mawili. Kuna anayeichukua kama hukumu ya saratani, akatafuta pesa za bayopsi (kuchukua vipande vya tezi kwa sindano ili vichunguzwe) siku iyo hiyo, na kuna anayeikunja karatasi na kuificha ndani ya Biblia au chini ya godoro, asimwambie mkewe wala wanawe. Wote wawili wanaamini kwamba namba ile imeshasema neno la mwisho. Haijasema. PSA inapoangukia kati ya 4 na 10, hali ya mtu bado haijulikani, na kabla ya kufikia sindano kuna hatua kadhaa, nyingi zikiwa ni za damu tu, ambazo zinaweza kuonyesha ni nani anayehitaji bayopsi haraka na ni nani anayeweza kusubiri kwa usalama. Baadhi ya hatua hizo ni ghali na ziko mbali. Zilizo muhimu zaidi zinapatikana Kisumu, Eldoret na Nakuru, na mara nyingi hazitumiki kwa sababu tu hakuna aliyeziulizia.

Tuanze na chenyewe kinachopimwa. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo na inayouzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kuyafanya maji ya uzazi yawe mepesi ili mbegu ziweze kwenda. Mahali pake ni ndani ya vijia vya tezi na ndani ya shahawa, ambako kiwango chake ni mara nyingi mno kuliko kile kilichomo kwenye damu. Kuta za vijia hivyo zikiwa nzima, ni kiasi kidogo tu kinachopenya hadi kwenye mishipa ya damu. Saratani huvuruga mpangilio wa kuta hizo na PSA ikavuja kwa wingi. Lakini maambukizi nayo huvuruga, na tezi iliyovimba kwa sababu ya umri, bila saratani yoyote, hutengeneza PSA nyingi kwa vile yenyewe imekuwa kubwa. Kwa hiyo kipimo hiki kinaeleza kwamba tezi ina jambo. Jambo lenyewe hakilitaji.

Nchini Marekani kipimo cha PSA kiliidhinishwa mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia wagonjwa ambao tayari walijulikana kuwa na saratani, kisha mwaka 1994 kikaidhinishwa kusaidia kuitafuta saratani pamoja na kipimo cha kidole, ambapo daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Namba 4 ikawa mpaka, na mpaka huo ndio uliosambaa duniani hadi kwenye karatasi zetu. Si mpaka wa maumbile. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafanyia bayopsi wanaume 2,950 ambao PSA yao haikuzidi 4, na asilimia 15 kati yao walikutwa na saratani, ingawa nyingi zilikuwa za aina ya polepole. Upande wa pili, kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10, takriban watatu kati ya wanne hawakutwi na saratani wanapofanyiwa bayopsi. Aliye na 3.9 hana cheti cha uzima, wala aliye na 4.1 hajahukumiwa. Umri nao una uzito wake, kwa kuwa PSA hupanda taratibu kadiri tezi inavyokua, na namba inayotia wasiwasi kwa mtu wa miaka 45 inaweza kuwa ya kawaida kwa mzee wa miaka 75.

Hatua ya kwanza, basi, ni kurudia kipimo kilekile baada ya wiki chache. Inaonekana ndogo mno kiasi kwamba wengi huiruka, na mimi naiona kuwa yenye faida kubwa kuliko zote ukilinganisha na gharama yake. PSA hupanda na kushuka yenyewe, na si wachache ambao namba yao ya pili hurudi chini ya mpaka. Ila urudiaji una masharti. Mwanamume ajiepushe na tendo la ndoa kwa siku mbili kabla ya kutolewa damu, na kwa siku hizohizo asiendeshe baiskeli kwa nguvu. Hili ni la kutiliwa maanani na wale wanaobeba abiria au mizigo kwa baiskeli, maana tandiko hukandamiza mahali palepale tezi ilipo. Aliyepatwa na maambukizi ya njia ya mkojo asubiri kiasi cha wiki sita baada ya kupona. Aliyeziba mkojo akawekewa mpira wa kuutoa pia asubiri, kwa kuwa PSA inayopimwa wakati huo inaweza kuwa juu mno bila kumaanisha saratani. Na damu ipelekwe kwenye maabara ileile iliyopima mara ya kwanza, kwani mashine za makampuni tofauti hazijarekebishwa kwa kipimio kimoja, na damu ileile inaweza kutoa namba mbili zinazopishana kwa asilimia 20 au zaidi.

Kuna mambo mawili ya dawa yanayohusika hapa. La kwanza ni kwamba finasteride na dutasteride, ambazo wazee wengi hupewa ili mkojo utoke vizuri, hupunguza PSA kwa takriban nusu baada ya miezi sita hadi mwaka. Mzee anayezitumia akipata majibu ya 3, asifurahie haraka. Daktari huizidisha namba hiyo mara mbili, na 3 ikasomwa kama 6. Asipoulizwa kuhusu dawa anazomeza, na yeye asiposema, saratani inaweza kujificha nyuma ya namba inayoonekana nzuri. La pili ni ile desturi ya kumpa mtu viuavijasumu, hasa sipro (ciprofloxacin), ili kuona kama PSA itashuka, ilhali hana homa, hasikii uchungu anapokojoa, na mkojo wake haukuonyesha wadudu. Miongozo ya madaktari haiungi mkono jambo hilo. Namba ingeweza kushuka yenyewe bila dawa, na madhara ya dawa hiyo yanaweza kuonekana baadaye, pale bayopsi itakapohitajika.

Madhara hayo yanaeleweka ukijua bayopsi inavyofanyika. Katika njia iliyozoeleka, mgonjwa hulala ubavu, kifaa cha altrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, ganzi huchomwa, kisha sindano hupita kwenye ukuta wa utumbo na kuchukua vipande vyembamba vya nyama ya tezi, kwa kawaida 12. Baada ya hapo damu huweza kuonekana kwenye mkojo na choo kwa siku kadhaa, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa. Hayo hupita. Kinachohofiwa ni kwamba sindano inapita mahali palipojaa bakteria, na wagonjwa wachache kwa kila 100 hurudi hospitalini wakitetemeka kwa homa, bakteria wakiwa wameingia kwenye damu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa aliyetumia sipro miezi ya karibuni, kwa kuwa bakteria waliobaki tumboni mwake ni wale walioizoea. Katika mji ambamo dawa hiyo hununuliwa kwenye kemisti bila karatasi ya daktari, mgonjwa anapaswa kumweleza daktari dawa zote alizonunua, hata zile za kutibu kuharisha. Iko njia nyingine, ya kupitisha sindano kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ambayo hupunguza sana maambukizi, na inafaa kuuliza kama hospitali husika inayo.

Sasa twende kwenye kipimo cha damu ambacho ningependa kila mwenye PSA ya 4 hadi 10 akijue, nacho ni PSA huru. Ikishaingia kwenye damu, sehemu kubwa ya PSA hunaswa na protini nyingine na kusafiri ikiwa imefungamana nazo. Sehemu ndogo hubaki peke yake, na hiyo ndiyo huru. PSA inayotoka kwenye tezi iliyovimba tu huwa imekwisha kukatwakatwa ndani ya tezi, na ikifika kwenye damu haishikiki, kwa hiyo hubaki huru. Inayotoka kwenye saratani huvuja kabla haijakatwa, ikanaswa mara moja. Matokeo yake huonekana kinyume na matarajio ya wengi: kadiri asilimia ya PSA huru inavyokuwa ndogo, ndivyo uwezekano wa saratani unavyokuwa mkubwa.

Tuwachukue wanaume wawili wa kubuni, mmoja wa Ahero na mwingine wa Njoro, wote wenye miaka 64, wote na PSA ya 6.8. Karatasi zao za kwanza zinafanana kabisa. Wanapimwa PSA huru. Wa Ahero anapata 1.9, na 1.9 ikigawanywa kwa 6.8 inakuwa asilimia 28. Wa Njoro anapata 0.6, ambayo ni asilimia 9. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, uliowahusu wanaume 773 wenye PSA ya 4 hadi 10 na ambao tezi zao hazikuwa na dosari kwa kipimo cha kidole, waliozidi asilimia 25 walikuwa na uwezekano wa saratani wa asilimia 8, na waliokuwa na 10 au chini yake walikuwa na uwezekano wa asilimia 56. Wanaume wetu wawili walioingia kliniki na namba moja sasa wako kwenye njia mbili tofauti. Wa Njoro anahitaji bayopsi bila kuchelewa. Wa Ahero anaweza kuzungumza na daktari wake kuhusu kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa, akijua kwamba asilimia 8 si sifuri.

Hata hivyo kipimo hiki ni chepesi kuharibika, na hapa umbali wetu unaleta shida. PSA huru huoza haraka kuliko ile iliyofungamana. Damu ikikaa saa nyingi bila kuzungushwa kwenye mashine ili maji yake yatengwe, au ikisafirishwa kwenye joto kutoka zahanati ya mashambani hadi maabara ya mjini, PSA huru hupungua, asilimia ikashuka, na mtu asiye na saratani akaonekana kana kwamba anayo. Kwa sababu hiyo ni afadhali mgonjwa afunge safari mwenyewe hadi kwenye maabara inayopima, atolewe damu papo hapo, badala ya chupa kusafiri. Kama chupa haina budi kusafiri hadi Nairobi, aulize: «Daktari, damu yangu itatengwa hapa kabla haijaondoka, na itawekwa kwenye baridi?» Ni swali la haki, na mhudumu wa maabara anayeijua kazi yake hatachukizwa nalo.

Hatua inayofuata inahitaji namba nyingine, lakini haitoki kwenye damu. Ni ukubwa wa tezi. Wazee wengi wenye shida ya mkojo tayari wamefanyiwa altrasaundi ya tumbo, na kwenye ripoti, katikati ya maelezo ya figo na kibofu, umeandikwa ujazo wa tezi dume kwa mililita, kisha hakuna anayeutazama tena. Ukigawanya PSA kwa ujazo huo unapata kile madaktari wanachokiita msongamano wa PSA. Turudi kwa wale wawili. Tezi ya mwanamume wa Ahero ina mililita 75, 6.8 ikigawanywa kwa 75 ni 0.09. Ya mwenzake wa Njoro ina mililita 30, 6.8 kwa 30 ni 0.23. Mpaka unaotumika sana ni 0.15. Wa kwanza ana PSA nyingi kwa sababu ana tezi kubwa. Wa pili ana PSA nyingi isiyoelezwa na ukubwa wa tezi yake. Altrasaundi ya juu ya tumbo haipimi kwa usahihi kama ile ya njia ya haja kubwa, na kosa la mililita chache hubadilisha jibu kwa mtu aliye karibu na mpaka, lakini kwa hesabu inayofanyika kwa simu ya mkononi, tena kwa karatasi ambazo mgonjwa tayari anazo, sioni sababu ya kuiacha.

Vipo vipimo vipya zaidi ambavyo watu husoma habari zake mtandaoni na kuuliza kama vinapatikana. PHI huunganisha PSA ya jumla, PSA huru na aina moja changa ya PSA ambayo huongezeka kwenye saratani. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi wenye PSA ya 4 hadi 10. 4Kscore hupima protini nne za jamii moja, kikachanganya na umri, majibu ya kipimo cha kidole na historia ya bayopsi, kisha kikatoa asilimia ya uwezekano wa saratani kali. Stockholm3, kilichoundwa katika Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi, huongezea alama za kurithi kwenye protini za damu. Tofauti kubwa na PSA ni kwamba 4Kscore na Stockholm3 haviulizi kama kuna saratani yoyote. Vinauliza kama kuna saratani inayostahili kutafutwa. Hilo ni swali bora, kwa sababu saratani nyingi ndogo za tezi dume hukaa miaka mingi bila kumdhuru mwenyewe.

Lakini ninaposoma sifa za vipimo hivi hujiuliza vilijaribiwa kwa nani. Vingi vilijengwa kwa damu ya wanaume wenye asili ya Ulaya. Stockholm3 kimejaribiwa Marekani Kaskazini kwa kundi lililojumuisha Wamarekani weusi, Waasia na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kingeweza kupunguza bayopsi zisizo za lazima kwa karibu nusu bila kupoteza uwezo wa kuiona saratani kali. Ni hatua njema. Hata hivyo mwanamume wa Chicago mwenye asili ya Afrika Magharibi si mwanamume wa Siaya wala wa Kapsabet, na mwenye kutumia pesa nyingi kwa kipimo kinachosomwa nje ya nchi ana haki ya kujua hilo kabla hajalipa. Kama pesa ni za kuchagua, kurudia PSA, PSA huru na ujazo wa tezi vije kwanza. Picha ya MRI, ambayo mashine zake zimefika katika miji yetu mikubwa, ije baadaye kwa anayeimudu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ikitangulia bayopsi, zaidi ya robo ya wanaume wangeweza kuepuka sindano. Thamani yake inategemea sana jicho la daktari anayeisoma.

Yote niliyoeleza hadi hapa ni ya wale ambao jibu lao haliko wazi, na lazima hili lisemwe kwa nguvu kwa sababu upande wetu wa Kenya una shida ambayo Wamarekani hawanayo kwa kiasi hiki. Kwao mjadala umekuwa kuhusu kupima kupita kiasi: mwaka 2012 jopo la serikali yao lilishauri dhidi ya upimaji wa PSA kwa watu wasio na dalili, kisha mwaka 2018 likalegeza na kusema wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue pamoja na daktari. Kwetu wengi hufika hospitalini wakati mgongo umeshaanza kuuma, miguu imelegea, au mkojo umeziba kabisa. Mwanamume mwenye PSA ya 80 hahitaji PHI. Mwenye uvimbe mgumu unaoguswa kwa kidole hapaswi kuambiwa asubiri kwa sababu PSA huru yake ni nzuri. Uvimbe mgumu unahitaji bayopsi hata PSA ikiwa 3. Ndiyo maana kipimo cha kidole, ambacho wazee wetu wanakiona ni aibu, hakijaondolewa na kipimo chochote cha damu. Kinachukua muda usiozidi dakika moja, na kinaona kitu ambacho damu inaweza kukikosa.

Uzito wa namba hubadilika pia kulingana na mtu. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani ya tezi dume ana hatari ya takriban mara mbili au zaidi. Katika nchi ambako takwimu zimekusanywa kwa miaka mingi, kama Uingereza na Marekani, wanaume weusi huugua kwa kiwango cha karibu mara mbili ya weupe, na mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi. Kwa sababu hizo miongozo ya Marekani inashauri watu wa makundi haya waanze kupimwa wakiwa na miaka 40 hadi 45, badala ya kungoja 50. Familia ambayo babu alikufa kwa «ugonjwa wa mkojo» bila jina kutajwa inafaa kumwambia daktari habari hiyo, kwa sababu huenda ilikuwa ndiyo hii.

Mgonjwa anapokuja kliniki, aje na karatasi zote: PSA zote alizowahi kupimwa zikiwa na tarehe na jina la maabara, ripoti ya altrasaundi, na orodha ya dawa. Kisha aulize: «Daktari, namba hizi zote zikiwekwa pamoja, nina uwezekano gani wa kuwa na saratani kali, na nikisubiri miezi sita ninahatarisha nini?» Jibu likiwa ni bayopsi, na vipande vikaonyesha saratani ya daraja la chini kabisa, ile inayoandikwa Gleason 6, bado hapana haja ya kukimbilia upasuaji, wengi wa daraja hilo hufuatiliwa tu kwa PSA, picha na bayopsi za baadaye. Vikionyesha daraja la juu ilhali haijatoka nje ya tezi, upasuaji au mionzi vinaweza kuiponya, na kwa mionzi hakuna tena ulazima wa kupanga foleni Nairobi, kwa kuwa huduma hiyo sasa inatolewa Eldoret na Nakuru pia.